Kavu Si Laini

Kuna hukumu moja imekaa vichwani mwa watu kwa zaidi ya miaka 30, na kwa kurudiwarudiwa imeota mizizi. Inasema kwamba Eric Clapton, mpiga gitaa wa roki aliyeitikisa Uingereza miaka ya 1960, aliishiwa moto; kwamba mwaka 1992 alikaa kitini, akashika gitaa lisilo na umeme, akawapigia watu wa makamo bluzi iliyochemshwa mpaka ladha ikaisha. Albamu iliyotoka hapo, Unplugged, inaambiwa ni muziki wa kusindikizia chakula cha usiku. Nasi tunaoipenda tumegawiwa fungu letu katika hukumu hiyo: masikio yetu ni mavivu, tunapenda kisichotudai kitu, na kama si uvivu basi ni huruma tu kwa baba aliyefiwa na mtoto.

Nimeyasikia hayo kwa wapiga muziki ninaowaheshimu. Nimeyasikia redioni, na kwa vijana ambao hawajawahi kuisikiliza albamu yenyewe mwanzo hadi mwisho. Nayakataa yote. Clapton hahitaji wakili, na mimi sijaajiriwa naye. Nayakataa kwa sababu yanawafundisha watu kusikia vibaya. Anayeamini kwamba nguvu ya muziki hupimwa kwa ukubwa wa spika atapita kando ya nusu ya muziki bora wa dunia hii, pamoja na ule wa kwao.

Kosa zima limo katika kuchanganya maneno mawili ambayo Kiswahili kimeyatenga vizuri. Gitaa lisilo na umeme wanamuziki wetu huliita gitaa kavu, na kupiga bila vyombo vya umeme ni kupiga kavu kavu. Aliyelipa gitaa hilo jina hakuwa akifikiria ulaini. Kavu ni kile kisicho na mchuzi wa kukisukumia kooni. Ukila ugali mkavu ndipo unapojua kama mpishi alisonga sawasawa au aliacha mabonge yenye unga mbichi ndani. Mchuzi hufunika mengi, na umeme nao hufunika mengi: huirefusha sauti iliyokuwa inakufa, huinenepesha noti nyembamba, huijaza nafasi ambayo vidole vimeiacha wazi. Siutukani umeme, naupenda. Nasema tu kwamba anayeuzima amejinyima mchuzi, hajajirahisishia mlo.

Tukumbushane kilichotokea. Tarehe 16 Januari 1992, katika studio za filamu za Bray nje ya London, Clapton alirekodi kipindi cha televisheni mbele ya watu wachache. Alikuwa na miaka 46. Pamoja naye walikuwepo Andy Fairweather Low kwenye gitaa la pili, Chuck Leavell kwenye piano, Nathan East kwenye besi, Steve Ferrone kwenye ngoma, Ray Cooper kwenye vyombo vidogo vya kugonga, na waitikiaji wawili, Katie Kissoon na Tessa Niles. Mwezi Agosti mwaka huohuo ikatoka albamu ya nyimbo 14. Zihesabu nyimbo hizo. Nane kati yake ni za zamani, zilizotungwa na wanamuziki weusi wa Marekani au zilizotufikia kwa mikono yao. Bo Diddley yumo, Big Bill Broonzy yumo, Jimmy Cox yumo, Jesse Fuller yumo, Muddy Waters yumo, Lead Belly aliyeieneza "Alberta" yumo, na Robert Johnson yumo mara mbili. Zaidi ya nusu ya albamu ni darasa la bluzi. Anayesema kwamba bluzi pale ni pambo la mezani hajahesabu.

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni kwamba bluzi iliyotulia ni bluzi iliyofugwa. Bluzi halisi, wanasema, ni amplifaya inayokoroma, ni jasho, ni Chicago. Hoja hii inaianza hadithi katikati. Muddy Waters, aliyeipa Chicago sauti yake ya umeme, alirekodiwa mara ya kwanza mwaka 1941 na mkusanyaji wa nyimbo Alan Lomax kwenye shamba la Stovall huko Mississippi, na mkononi alikuwa na gitaa kavu. Alipohamia mjini akachukua umeme kwa sababu iliyo wazi: baa zilijaa, watu walipiga soga na kucheka, gitaa kavu halikusikika. Umeme ulikuwa dawa ya kelele za ukumbi. Haukuwa cheti cha ukweli.

Mwaka 1958 Muddy alikwenda Uingereza na gitaa lake la umeme, na baadhi ya wasikilizaji wakalalamika kwamba anapiga kwa sauti kubwa mno. Walitaka bluzi ya shambani. Aliporudi mwaka 1963 akawaletea gitaa kavu, akakuta ladha zimegeuka, sasa wanataka umeme. Mwaka 1964 akatoa Folk Singer, albamu ya magitaa makavu, na kijana Buddy Guy akiwa pembeni yake. Ni mtu yuleyule na mkono uleule. Kama kuzima umeme ni kuifuga bluzi, basi Muddy Waters alijifuga mwenyewe, na sijamsikia mtu mwenye ujasiri wa kulisema hilo hadharani. Kwa nini lisemwe kwa Clapton?

Robert Johnson naye, ambaye wapinzani hao wote humwapia, aliacha nyimbo 29 alizorekodi Texas mwaka 1936 na 1937, na hakuna hata mmoja wenye umeme. Ndani yake umo "Malted Milk", wimbo mtulivu na mtamu, ambamo Johnson anamfuata Lonnie Johnson, fundi wa mjini mwenye vidole vya hariri. Wale mabwana walijua kupiga taratibu. Walipiga kwenye ngoma za Jumamosi, waliwapigia wapenzi, waliwapigia watu waliotoka kuchuma pamba na ambao hawakutaka tena kupigiwa kelele. Clapton alipouchagua "Malted Milk" badala ya wimbo mwingine wa Johnson, ule wa njia panda, aliouvumisha na kundi la Cream mwaka 1968, hakuwa anakimbia bluzi. Alikuwa anaingia kwenye chumba chake ambacho wapenda kelele hawajawahi kukifungua.

Hapa sina budi kuwakosoa hata wenzangu tunaoipenda albamu hii. Wako wanaosema kwamba kavu ndiyo kweli, kwamba umeme ulimficha Clapton na gitaa kavu likamfichua. Sitaki ushindi wa namna hiyo. Tarehe 23 Desemba 1938, katika ukumbi wa Carnegie mjini New York, Big Bill Broonzy alipandishwa jukwaani kushika nafasi ya Robert Johnson, aliyekuwa amefariki mwaka huohuo. Watazamaji wakaelezwa kwamba ni mkulima kutoka Arkansas. Kumbe Broonzy alikuwa mtu wa Chicago kwa miaka mingi, msanii wa mjini mwenye rekodi nyingi, akipiga na piano na vikundi. Wale waliotaka ukweli wa shambani waliuziwa hadithi. Kwa hiyo tusiwauzie wengine hadithi ileile. Kavu si kweli kuliko umeme. Kavu ni ngumu kujificha ndani yake, na hilo ndilo ninalolitetea.

Hoja ya pili ni ya wapiga gitaa wenyewe. Wanasema mambo ya Unplugged ni mepesi, kila mwanafunzi wa gitaa huyajaribu, hakuna solo ya kumwinua mtu kitini. Hapa niseme la kwangu.

Nilikuwa kijana Tanga, nikijifunza kwa mzee mmoja aliyewahi kupiga ridhimu katika bendi za dansi. Kaseti yangu ya Unplugged ilikuwa nakala ya nakala, sauti imefifia, na tulikuwa tukiirudisha nyuma kwa kuizungusha na kalamu ili tusimalize betri za redio. Nilikwenda kwake jioni moja nikitaka anifundishe "Layla". Nikamwamkia, akaniitikia, akaketi kwenye kigoda chake na kuisikiliza kaseti tangu mwanzo bila kusema neno. Ilipofika ya tatu, "Hey Hey" ya Broonzy, akainua kiganja.

"Mzee, siyo hii," nikamwambia. "Ninayoitaka iko mbele."

"Najua. Nyamaza usikie gumba."

Sikuelewa. Nilikuwa nasikiliza vile vidole vya juu, vinavyouliza na kujibu, vinavyoukunja uzi hadi noti inalegea kama ulimi wa mtu anayebembeleza. Yeye alikuwa akisikiliza chini yake. Huko chini gumba lilikuwa linarudi kwenye uzi mnene, pigo baada ya pigo, halikimbii wala halichoki, na mguu ukigonga sakafu pamoja nalo. Vidole vya juu vilichelewa kidogo, vikawahi kidogo, vikaruka, vikakaa kimya. Gumba halikujali. Lilikwenda kama mtu anayesaga nafaka huku akizungumza na mgeni.

"Hilo gumba, mwanangu, ndiyo bendi yake," mzee akasema. "Wewe una vidole tu. Bendi huna."

Masika yote ya mwaka ule niliyatumia kutafuta bendi hiyo mkononi mwangu. Kila vidole vyangu vya juu viliposogea, gumba liliacha kazi yake na kuvifuata, kama mtoto anayemkimbilia mama sokoni. Nikilikaza, vidole vinaganda. Nikivilegeza, gumba linapotea. Kwenye gitaa la umeme la rafiki yangu ningeweza kuongeza sauti, noti moja ikajaa chumba kizima na kunifichia aibu. Kwenye gitaa kavu kila kosa lilikaa wazi mezani. Nilipofika mahali pa kuupiga wimbo ule kwa dakika mbili bila gumba kuanguka, ngozi ya kidole ilikuwa imekuwa ngumu, na heshima yangu kwa Broonzy na kwa aliyemfuata ilikuwa imekwenda mahali pengine kabisa.

Mzee hakushangaa kwamba wimbo wa mtu mweusi wa Chicago umepigwa na Mwingereza namna ile. Alisema tu kwamba gumba kama hilo alilisikia utotoni, kwa Mwenda Jean-Bosco. Na kweli, mwaka 1952 mkusanyaji wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Mwenda huko Jadotville, Katanga, mji ambao leo ni Likasi: kijana mmoja, gitaa moja kavu, Kiswahili mdomoni, na gumba na kidole cha shahada vikifanya kazi ambayo wengine wangeigawia watu watatu. "Masanga" ya Mwenda imewatoa jasho wapiga gitaa wa mabara kadhaa. Hakuna aliyewahi kusema kwamba ule ni muziki wa dansi uliopunguzwa makali. Tunausikia ulivyo, kamili, haukupungukiwa kitu. Sikio lililolelewa na Mwenda halihitaji kuombwa radhi linapoipenda "Hey Hey".

Gitaa alilolishika Clapton kwenye nyimbo kadhaa siku ile, Martin 000-42 la mwaka 1939, liliuzwa mnadani New York mwaka 2004 kwa dola 791,500, fedha zikaenda kwenye kituo alichokianzisha Antigua cha kuwatibu walevi na watumiaji wa dawa za kulevya. Bei hiyo ni ya kumbukumbu, na kituo kile kinastahili kila senti. Lakini mbao haina gumba.

Hoja ya tatu ndiyo inayopigiwa kelele kuliko zote: kwamba Clapton aliiua "Layla". Ile ya mwaka 1970, aliyoipiga na kundi la Derek and the Dominos, ilikuwa moto mtupu. Gitaa la Duane Allman linalia juu kabisa, sauti ya Clapton inapasuka kwa kujilazimisha, wimbo unakwenda dakika saba. Ya mwaka 1992 inatembea polepole, kwa mdundo wa kuyumba kama mtu anayerudi nyumbani miguu ikiwa mizito, na sauti imeshuka chini. Aliyezoea ile ya kwanza anaona ameibiwa.

Ameibiwa nini? Tumwangalie mwimbaji. Mwaka 1970 Clapton alikuwa na miaka 25 na alimpenda Pattie Boyd, mke wa rafiki yake George Harrison. Jina la Layla alilichukua katika hadithi ya Layla na Majnun aliyoitunga mshairi Nizami, hadithi ya mtu aliyerukwa na akili kwa kunyimwa mwanamke aliyempenda. Watu wa pwani yetu hawahitaji kufafanuliwa jina hilo wala wazimu huo. Kijana aliyenyimwa hupiga kelele. Ile ilikuwa kelele ya haki, na rekodi ile ni kubwa.

Lakini Majnun wa Nizami hakumpata Layla. Clapton alimpata wake. Walioana mwaka 1979, na miaka kumi baadaye ndoa ilikuwa imekwisha, baada ya ulevi na mambo mengine ambayo yeye mwenyewe ameyakiri. Sasa mtu huyo ana miaka 46, pombe ameiacha tangu 1987, na anaketi kuimba tena maneno aliyoyaimba akiwa mwombaji. Mlitaka ayapigie kelele zilezile? Kwa nani? Mlango aliokuwa anaugonga ulifunguliwa, akaingia, akatoka. Kurudia ghadhabu ya mwaka 1970 neno kwa neno kungekuwa uigizaji, na ningekuwa wa kwanza kuukataa. Alichofanya ni kuuacha wimbo uzeeke pamoja naye. Maombi yamegeuka kumbukumbu. Anayesikia hapo udhaifu hajawahi kulitamka jina la mtu aliyeachana naye miaka mingi iliyopita, akaona jinsi sauti inavyoshuka yenyewe.

Tazama pia namna anavyouanza. Anawaambia watu wajaribu kuutambua, kisha anaingia taratibu, na kwa muda mfupi hawajui. Halafu wanajua, na makofi yanalipuka. Wapinzani husema yale ni makofi ya watu waliofurahia kutambua kitu cha zamani. Mimi naona watu waliokutana na mtu waliyemfahamu akiwa kijana, wakamwona ana mvi, wakamtambua kwa mwendo. Wamefurahi, ndiyo. Mtu hukosaje kufurahi?

Hoja ya nne nitaijibu kwa heshima, kwa kuwa ndani yake kuna mtoto. Conor Clapton alifariki New York tarehe 20 Machi 1991, akiwa na miaka minne, baada ya kuanguka kutoka dirisha la ghorofa ya 53. Miezi kumi baadaye baba yake aliketi Bray na kuimba "Tears in Heaven", wimbo aliouandika na Will Jennings. Wanasema mashabiki walinunua huruma. Katika kitabu cha maisha yake Clapton amesema kwamba anayetaka kujua albamu ile ilimgharimu nini aende Ripley, kwenye kaburi la mwanawe. Sioni aibu kukiri kwamba wimbo ule ulitugusa kwa sababu tulijua. Kumlilia aliyefiwa ni utu, na mtu asiufanye utu wetu kuwa tusi.

Ila sikilizeni jinsi alivyouimba. Halii. Hapandishi sauti pale ambapo mwimbaji yeyote anayetafuta machozi angeipandisha. Kwetu, kwenye msiba, kila mtu anajua kwamba anayejitupa chini si lazima awe mfiwa. Mara nyingi mfiwa ndiye yule aliyekaa ukutani, anawauliza wageni kama wamepata chai. Clapton amekaa ukutani. Utulivu huo wapinzani wameuita ulaini. Na kama huruma ndiyo iliyotuleta, ingekwisha. Huruma kwa mtu usiyemjua haidumu miaka 30. Wimbo huo ni mmoja kati ya 14, na mashabiki wa albamu hii, ukikaa nao, hawamalizii hapo. Watakuongoza kwenye "Old Love" na piano ya Leavell inayopanda ngazi bila haraka. Watakuongoza kwenye "Walkin' Blues" na chupa ya kidoleni inayoteleza juu ya nyuzi, na kwenye "San Francisco Bay Blues" ya Jesse Fuller, ambamo watu wazima wanapuliza kazuu kwa furaha isiyo na kisingizio. Mtu aliyekuja kulia asingebaki kwa ajili ya kazuu.

Hoja ya tano ni nzito kuliko zote, na inatoka kwa watu ambao mara nyingi niko upande wao. Wanasema: huyu ni Mwingereza mweupe aliyetajirika kwa muziki wa watu weusi, na mwaka 1976, jukwaani Birmingham, alisimama akiwa amelewa na kumuunga mkono mwanasiasa Enoch Powell, akiwatukana wahamiaji. Maneno hayo ndiyo yaliyochochea kuzaliwa kwa harakati za Rock Against Racism. Ni kweli, tena ni aibu ya kudumu. Baadaye sana alisema anaona haya kwa yale aliyoyasema. Mimi, mtu mweusi ninayeandika haya, simtolei msamaha kwa niaba ya wale aliowatukana, kwa sababu si wangu kuutoa. Alikula sahani moja na waliomlea kimuziki, kisha akawatukana ndugu zao. Hilo halifutwi na gumba lolote.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kuisifu albamu si kumpa mtu cheti cha tabia njema. Na albamu hii hasa ni shahidi dhidi ya maneno yale ya Birmingham kuliko ushahidi wowote ambao mimi ningeweza kuuleta. Mtu aliyetaka nchi yake ibaki nyeupe, siku alipozima umeme na kubaki na mikono yake tu, alikutwa mikono hiyo imejaa Broonzy, Johnson, Fuller, Muddy. Ukiwatoa hao, mikono inabaki karibu mitupu. Na majina yao yameandikwa kwenye jalada, wimbo kwa wimbo, hayakufichwa. Ni kwa albamu hii mimi niliwafahamu watu hao. Nilitoka kwa Clapton nikaenda kwa Broonzy, nikakaa huko miaka, na bado sijaondoka. Mpinzani anayetaka Broonzy asikike zaidi ana haki kabisa. Asiufunge basi mlango ambao wengi wetu tuliingilia.

Limebaki suala la tuzo na mauzo, nalo nitalipita haraka. Albamu iliuza zaidi ya nakala milioni 10 Marekani peke yake, na kwenye Grammy za mwaka 1993 Clapton alipata tuzo sita, ikiwemo ya albamu bora ya mwaka. Tuzo ya wimbo bora wa roki ilipewa "Layla", wimbo uliokuwa na zaidi ya miaka 20, mbele ya "Smells Like Teen Spirit" wa kundi la Nirvana. Nakubali: ulikuwa uamuzi mbaya wa wazee walioogopa vijana. Lawama ni ya waliotoa tuzo. Hakuna aliyepiga gitaa vibaya Bray kwa sababu ya kura zilizopigwa Marekani mwaka uliofuata. Na wingi wa wanunuzi si hoja upande wowote. Muziki haupati thamani kwa kununuliwa na wengi, wala hauipotezi.

Wahenga walishasema debe tupu haliachi kuvuma, na wakasema tena kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Sizileti methali hizi kufunga mjadala, kwa kuwa lipo debe lililojaa nalo likavuma. Muddy Waters alikuwa hilo. Nazileta kwa sababu zinatukumbusha kwamba lugha yetu haijawahi kupima uzito kwa kelele. Tuliwezaje basi kukubali kipimo hicho kwenye muziki?

Namwomba mpinzani kitu kimoja: aufikie wimbo wa mwisho. "Rollin' and Tumblin'" Clapton alikuwa ameurekodi na Cream mwaka 1966, wakati wa moto wake wote, na Jack Bruce ndiye aliyeuimba. Hapa anaurudia kavu. Lakini hauanzi kama nyimbo nyingine. Hakuna anayehesabu moja, mbili, tatu. Sauti inapanda kutoka chini, na unapoisikia wimbo uko njiani tayari, chupa inalia juu ya nyuzi na miguu inapiga sakafu, kama mtu aliyefungua mlango akakuta watu wameshaanza zamani na hawakuwa wakimngoja. Walikuwa wakipiga kwa ajili yao wenyewe, katikati ya kazi ya televisheni, kwa kuwa mikono ilikataa kutulia. Kisha wanakaza mwendo. Hapo hakuna chakula cha usiku cha kusindikiza. Kuna kundi la watu wazima walioshikwa na wimbo wa Mississippi, na chini kabisa, ukiinamisha sikio kama alivyonifundisha mzee wangu, kuna lile gumba. Halijasimama tangu wimbo wa tatu.